Namba za Ukingoni mwa Mkanda

Bondeni, Mombasa
5 Agosti 2024

Kyalo, mtani wangu,

Salamu zikufikie kwanza, matusi yako njiani.

Keti chini kabla hujaendelea, maana habari hii hutaiweza ukiwa wima. Wajapani wamenichagua mimi. Kampuni ile iliyotengeneza kamera yangu na yako imetazama Afrika Mashariki nzima, ikapita Nairobi, ikapita Dar, ikapita Unguja, ikasema: yule mzee wa Bondeni ndiye atakayetwambia tutengeneze lenzi gani. Wameniandikia kwa jina. Kenga Mung'aro, fundi wa nyuso.

Sasa umeshashangaa vya kutosha, nikwambie kweli. Hawakuniandikia. Fomu zilikuwa zimerundikwa mezani kwenye duka la kamera la Mji wa Kale, kando ya sahani ya biskuti, na kila aingiaye anachukua yake. Mimi nilichukua tatu, mbili nimefungia karanga. Jina langu nimeliandika mwenyewe, kwa hati yangu hii ya darasa la nne. Lakini swali ni la kweli, limepigwa chapa: wapiga picha wa siku nyingi, mngependa tutengeneze lenzi gani? Mstari mmoja wa kujibu, na chini yake nafasi ya sahihi mbili. Nadhani wameogopa mtu mmoja kujisemea peke yake. Mwisho wa kupokea ni tarehe thelathini Septemba.

Basi tulibishana pale dukani kama mahakama ya kadhi. Sheryl, yule binti wa harusi anayebeba kamera mbili kiunoni kama askari, anataka lenzi ya kuvuta, inayoanza karibu ikaishia mbali, asije akabadilisha lenzi bibi harusi akateremka ngazi zote. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni lenzi ya mtu asiyejua anataka nini. Kazungu wa Feri, anayepiga abiria wakiteremka na mizigo yao na kuwapa picha palepale, hajali karibu wala mbali. "Waitengeneze hata kwa sufuria," anasema, "mradi isile chumvi."

Mimi nimesimama na yangu: lenzi ndefu. Milimita mia mbili, nyepesi kwa mkono wa mzee, na izibwe vizuri isiingie kuvu. Kisiwa hiki unakijua. Lenzi ukiiweka kabatini miezi miwili, ukiitoa imeota ndevu ndani ya kioo. Ile ndefu yangu ya zamani sasa ni utando mtupu. Na uso wa binadamu, Kyalo, hupigwa kutoka mbali. Ukimkaribia mtu, pua inakuwa mlima na aibu inamwingia. Akiwa hajui kama yupo anayemtazama, hapo ndipo anapokuwa yeye.

Utabisha, nakujua. Mkamba ukimwambia jua limetoka, atauliza limetoka kwa ruhusa ya nani. Bisha ukimaliza, kisha utie sahihi. Sahihi ya pili naitaka iwe yako, wewe uliyeosha picha za nusu ya wanawake wa Mji wa Kale katika chumba chako cha giza bila kumtaja hata mmoja wao kwa jina.

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu simu huisikii. Mara ya mwisho nilikwambia nimeng'oka jino, ukanipa pole ya kufiwa. Karani wa basi la Kibwezi ameahidi itakufikia.

Mwanangu Nabiha hajambo. Yuko palepale Buxton, na kazi yake ya bandarini. Namuona kila Alhamisi.

Mimi mtani wako,
Kenga Mung'aro

*

Kibwezi
14 Agosti 2024

Ndugu Kenga,

Bwana asifiwe, nawe uitikie kwa dini yako.

Fomu nimeipata, ina alama ya karanga. Nimesoma swali mara mbili na barua yako mara tatu. Sitatia sahihi lenzi ndefu.

Jibu langu ni lenzi fupi. Milimita thelathini na tano, isiyo na mbwembwe. Nyua za Mji wa Kale unazijua kuliko mimi. Hatua nne umefika ukutani. Ukiwa na lenzi ndefu mle ndani utapiga sikio la mtu, basi. Lakini hiyo si sababu yangu kubwa. Sababu yangu ni kwamba mwenye lenzi fupi hawezi kumpiga mtu asiyemsalimia. Lazima aende, aseme hodi, asimame pale anapoweza kupigwa kofi.

Nimeosha mikanda yako miaka kumi na minane, Kenga. Picha zako nzuri zote ulizipiga ukiwa hatua mbili na mtu. Wenye lenzi ndefu ulikuwa ukiwaita wapelelezi. Ulimwambia mmoja mbele yangu kwamba mtu akipigwa bila kujua, kaibiwa. Tangu lini umeanza kukaa mbali?

Nimefurahi kusikia unamuona Nabiha. Mimi humtumia kadi ya salamu kila Idi ya Ramadhani tangu harusi yake ya mwaka 1997 na hajapata kujibu. Simlaumu. Kwake mimi ni yule mtu aliyeunguza picha za harusi yake kwa dawa, na mama yake akafa hata siku arubaini hazijapita. Angenijibu nini? Mwambie tu kwamba huku mvua imekataa lakini mimi niko.

Seth Kyalo

*

Buxton, Mombasa
19 Agosti 2024

Ami Kyalo,

Shikamoo.

Mimi ni Nabiha, binti Kenga. Anwani yako nimeitoa nyuma ya kadi zako. Zote ninazo, ishirini na saba. Sikuzichana, ila sikuzijibu, na sijui lipi ni baya zaidi.

Ami, baada ya harusi yangu baba alinipa ule mkanda ulioharibika. Aliniambia, weka, uone Kyalo alivyotufanyia. Nikauweka sandukuni pamoja na kanga za marehemu mama. Mwezi wa Mei mwaka huu nikasikia siku hizi kuna mashine zinazoweza kutoa picha hata kwenye mkanda uliokufa. Nikaupeleka kwa msichana mmoja anaitwa Ashley, ana duka la picha karibu na Ngome. Nilitaka moja tu, ya mimi na mama. Hatuna picha ya mama, Ami, isipokuwa ya kitambulisho, na mle amekodoa macho kama mtu aliyeshtakiwa.

Ashley aliuinua kwenye taa akaniuliza, nani amekwambia huu umeunguzwa? Akanionyesha ukingoni. Zile namba ndogo, moja mpaka thelathini na sita, na jina la kiwanda, zote nyeusi, safi, zinasomeka. Akaniambia zile namba hutoka kwa dawa ileile inayotoa picha. Dawa ikiharibu, namba nazo huharibika. Zikiwa nzima na katikati pako weupe, aliyeosha hana kosa. Mkanda haukushika kwenye meno ya kamera. Haukusogea. Mpiga picha alibonya mara thelathini na sita na nyuma ya lenzi hapakuwa na kitu kinachopita.

Nilimwendea baba siku hiyohiyo. Nilimuuliza swali moja: ulijua? Akaanza mzaha. Nikamwambia asikanyage nyumbani kwangu mpaka akuandikie wewe, kwa mkono wake, alilolifanya. Hajaja tangu siku hiyo.

Sikuandikii ili umsemee. Nakuandikia kwa ajili yangu. Nilikupita pale Bondeni mwaka ule, ukanyoosha mkono, nikageuza uso. Nakuomba radhi.

Mwanao,
Nabiha

*

Bondeni, Mombasa
24 Agosti 2024

Kyalo, mbishi wa wabishi,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwa kinyozi, akanikata sikio kwa vile nilivyokuwa nikitikisa kichwa. Damu hiyo iko juu yako.

Lenzi fupi ni lenzi ya vijana. Kijana akipigwa kofi atasimama tena. Mimi nina miaka sabini na sita, yakhe, goti moja limestaafu na la pili linaomba ruhusa. Ati niende, nipige hodi. Na wasipofungua? Umelifikiria hilo, bwana mwenye hekima za Kibwezi?

Mambo ya Buxton ni mazuri mno. Nabiha juzi alinipikia pilau, nikala mpaka nikafungua kifungo. Akasema, baba, ongeza. Nikaongeza.

Turudi kwenye kazi. Tuseme mtu anatoka kazini, saa kumi na nusu hivi, anavuka barabara upande wa pili. Wewe umeketi kwa muuza kahawa upande huu. Magari yanapita, na huna haki ya kumwita jina kwa sauti. Anabadilisha mkoba kutoka bega hili kwenda lile. Amekonda kidogo. Mtandio anaufunga kama alivyoufunga mama yake, ncha moja ndefu. Anafika mlangoni, anatafuta ufunguo, hageuki. Yote hayo ni kama dakika moja. Sasa niambie, kwa thelathini na tano yako utapata nini hapo? Utapata barabara, na nukta. Kwa lenzi ndefu unapata uso. Na kwa lenzi ndefu iliyoota kuvu, kama yangu, unapata moshi wenye mtandio. Nina picha kumi na nne za moshi. Ndiyo nasema Wajapani watengeneze nyingine, na waizibe vizuri.

Huo ni mfano tu, usije ukaanza.

Nakuletea fomu nyingine. Hii haina karanga. Tia sahihi, tusiwe wazee wanaogombana kwa kioo.

Kenga

*

Kibwezi
31 Agosti 2024

Kenga,

Nabiha ameniandikia. Ulipokuwa unanihesabia wali wa pilau nilikuwa nimeshajua kwamba hujaingia nyumba ile tangu Mei.

Sitakuuliza nililoambiwa. Nimelijua miaka ishirini na saba. Mtu anayeosha mikanda hutazama ukingo kwanza, kabla ya picha. Hata wewe ulifundishwa hivyo.

Fomu nakurudishia ilivyokuja. Mara hii andika barua isiyo na lenzi ndani yake.

Seth Kyalo

*

Bondeni, Mombasa
9 Septemba 2024

Kyalo,

Hii ni ya tano. Nne nimezichana, maana kila nikianza kalamu inakwenda kwenye mzaha, kama punda aliyezoea njia moja.

Nisikize basi.

Wiki ile ya harusi nilisema hakuna mpiga picha atakayeingia ndani ya nyumba yangu kupiga wanawake wangu. Wenzangu hutafuta mwanamke wa kuwapigia picha kule kwa kina mama, mimi nikasema, mimi ndiye fundi, na mke ni wangu na binti ni wangu, nani mwingine aingie? Na mkanda uwe wa nyeusi na nyeupe, usipite kwenye mashine za watu, ukaoshwe na Kyalo peke yake, macho mawili tu yauone. Mji mzima ulisikia majivuno yale.

Mchana ule nilitia mkanda nikiwa nimesimama ngazini, huku nawagombeza wapishi. Ulimi wa mkanda sikuuona ukishika meno. Nilifunga mgongo wa kamera kwa kishindo. Namba ya juu ikawa inahesabu, moja, mbili, nami nikaiamini. Kile kishikio cha kurudishia mkanda kilikuwa hakizunguki ninapovuta. Fundi yeyote hukitazama. Mimi nilikuwa namtazama mke wangu Mwanakuu.

Nilipiga thelathini na sita, nikaendelea. Namba ikafika thelathini na saba, ikafika thelathini na nane, na bado nikajiambia, mkanda wa kheri huu, umeongeza.

Siku nilipokuja kwako nilikuja na mkwe wangu, baba wa bwana harusi, na nduguye. Nilitaka washuhudie mkanda ukinirudia mkononi, haujaonwa na mwingine. Ukauinua mkanda dirishani ukaanza kusema, "Kenga, njoo uone huku pembeni." Nami nikaona, Kyalo. Niliona namba kabla hujamaliza neno. Na wale wawili walikuwa nyuma yangu, mmoja alikuwa anapumulia shingo yangu. Basi nikapiga meza kwa kiganja nikasema, umeuunguza. Nikasema mtu wa bara hapewi kitu cha heshima. Nikasema mengine, wewe unayajua, mimi nayakumbuka kuliko wewe.

Nilidhani utajibu. Nilikuwa nakungoja ujibu. Ungefungua mdomo tu ningeanguka palepale. Wewe ukafunika dawa zako.

Halafu ule uwongo ukapata miguu. Kina mama wa Mji wa Kale wakaacha kuleta mikanda yao kwako. Nilikuona unafunga chumba cha giza mwezi wa Disemba, unapakia beseni zako, nikapita upande wa pili wa barabara. Ndipo nilipoanza kukaa mbali, ikiwa bado unataka jibu la swali lako.

Mwanakuu nilimwambia avae tena nimpige. Akacheka, akasema harusi hairudiwi, utanipiga nikizeeka. Siku ya thelathini na tisa alishika kichwa jikoni akaketi chini, hakunyanyuka. Kinyozi hajinyoi: nimepiga nyuso za kisiwa kizima, na wa kwangu nimeachiwa wa kitambulisho.

Nilikufanyia ubaya. Nimeuandika kwa mkono wangu. Sina pa kuuficha tena.

Kenga wa Mung'aro

*

Kibwezi
18 Septemba 2024

Ndugu Kenga,

Nimeisoma. Nimekusamehe, na nimemwandikia Nabiha kwamba umeandika. Hilo limekwisha.

Sasa nisikilize mimi. Umenichukulia kuwa mtu mwema aliyenyamaza. Watu wa kanisani kwetu pia husema hivyo.

Siku ya harusi nilikuletea betri za flashi. Nilisimama mlango wa uani, nikakuita, hukusikia kwa makelele. Shingoni nilikuwa na kamera yangu yenye ile thelathini na tano, nilikuwa nimetoka kuinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akihama. Mwanakuu akatokea jikoni. Hakujua kuna mwanamume. Kichwa kilikuwa wazi, alikuwa anamcheka mtu aliyeko ndani, na alikuja moja kwa moja upande wangu, hatua mbili. Sikufikiria. Mkono ulibonya wenyewe, kama unavyojua mikono yetu. Akashtuka, akajifunika. Kisha akanitazama akasema, "Kyalo, hiyo mume wangu akiiona atakuua. Ioshe vizuri." Akaingia ndani huku anacheka.

Niliiosha kwanza kabla ya mkanda wako. Nilitoa moja, kubwa. Kenga, katika maisha yangu sikupata kuosha picha nzuri kama ile. Nilipoona mkanda wako ni mweupe nilisema, Mungu amenipa hii kwa sababu. Nitampa pembeni, yeye peke yake, mke wake ni wake. Nikaitia ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na negetivu yake. Niliiweka mezani nikikungoja.

Ndiyo meza uliyoipiga kiganja. Kiganja chako kilitua juu ya bahasha. Ulipokuwa ukisema yale ya mtu wa bara, mkono wako ulikuwa juu yake, umeilalia.

Mlipoondoka nilikaa nayo. Kisha nikawasha jiko la mkaa nyuma ya duka nikaichoma, picha na negetivu. Miaka yote nimejiambia nilifanya hivyo kwa heshima, kwamba si halali mtu kuweka picha ya mke wa mwenziwe kichwa wazi. Si kweli. Ilikuwa hasira. Nilitaka usiwe nayo. Nilidhani yeye yupo, utampiga nyingine, na mimi nitakuwa nimekukomoa kwa kitu kidogo.

Siku nilipoletewa habari ya msiba nilikuja mazikoni. Nilisimama nje ya mlango na wanaume wa kina Mung'aro, ukanipita bila kunisalimia. Nikashukuru. Zile kadi za Idi hazikuwa za salamu.

Nimekusamehe lako. Langu sijui nilipeleke wapi.

Seth

*

Bondeni, Mombasa
26 Septemba 2024

Kyalo, ndugu yangu,

Barua yako ilifika Jumamosi. Siku mbili sikuandika, siku mbili sikula vizuri, na siku ya tatu nilikutukana kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikautazama mkono wangu wa kulia. Nimeutazama sana mkono huu. Nimeuuliza, wewe, ulilala juu yake na hukuhisi kitu?

Sikulaumu. Nimejaribu, maana ingenipunguzia mzigo, lakini kila nikikulaumu najikuta mimi ndiye nimeshika kiberiti.

Fomu nimeijaza. Nimeandika fupi, thelathini na tano. Sahihi ya pili katia Kazungu, na pembeni akaongeza kwa nguvu zake neno chumvi. Wajapani wajitafutie mkalimani.

Jana nilikwenda Buxton. Sikukaa kwa muuza kahawa. Nilivuka, nikapanda ngazi na goti langu hili, nikabisha hodi kama mdeni. Nabiha alifungua. Nilikuwa nimebeba barua zako zote, nikampa ile ya mwisho kwa sababu sikuweza kuisema kwa mdomo. Aliisoma amesimama palepale, mlango wazi, mimi nje yeye ndani, hatua mbili. Alipofika kwenye jiko la mkaa aliketi chini juu ya kizingiti. Hakulia kwa sauti. Mama yake naye hakuwa mtu wa sauti.

Nikasema, mwanangu. Akaninyooshea kiganja ninyamaze.

Baadaye ndipo akauliza. Hakuuliza juu yako wala juu ya uwongo wangu. Aliniuliza, "Baba, siku ile mama alivaa nini?"

Kyalo, nilisimama mbele ya mwanangu nikatafuta. Nilimtazama Mwanakuu mara thelathini na nane siku ile, jicho moja limefungwa na jingine kiooni. Nakumbuka mwanga ulitoka kushoto. Nakumbuka kipimo cha mwanga, nakumbuka niliongeza kidogo kwa ajili ya kivuli. Nguo sikumbuki. Kama alisuka, kama alivaa jasmini, kama vidole vilikuwa na hina au alisema yeye mzee hapaki, sikumbuki. Nilikuwa nimemwachia mkanda ukumbuke.

Nikamwambia sijui. Yeye hakumbuki pia, anasema siku ile alikuwa chini ya shela, ameinamisha kichwa kama bibi harusi anavyofunzwa, aliona miguu ya watu tu. Akatikisa kichwa akaingia ndani. Hakunikaribisha. Lakini mlango hakuufunga, niliusikia mpaka nafika ngazi ya chini haujafungwa.

Basi nina ombi, dogo, na naliita haki yangu hata ukibisha, maana ulimpiga mke wangu bila ruhusa yangu na hujanilipa kitu kwa hilo. Wewe picha ile uliitazama ikitokea ndani ya beseni, polepole, kwanza nywele, kisha macho, kama zinavyotokea. Ulikaa nayo. Rangi haikuwamo, lakini pale uani ulikuwa na macho yako. Keti chini uandike alivyovaa. Anza juu, ushuke. Nywele, masikio kama yalikuwa na kitu, kanga au gauni, mikono ilikuwa na unga au maji, alikuwa peku au la. Usipambe. Usilolikumbuka sema hulikumbuki. Na usiniletee mimi, mpelekee Nabiha, kwa jina lake, Buxton. Mpe karani wa basi la asubuhi, yule wa jioni huchelewesha.

Kenga